Nani ni wa kundini? Wanawake, imani na kutunzana katika makanisa yetu

Katika jumuiya ndogo ndogo nyingi za Kanisa Katoliki nchini Tanzania, sala ya Jumamosi asubuhi huishia kwenye daftari. Injili imeshasomwa, tafakari imeshatolewa sebuleni mwa mwenye nyumba wa siku hiyo, na sasa katibu anaita majina: nani amehudhuria, nani ametoa mchango wake, nani anaumwa, nani amejifungua, nani amefiwa. Mara nyingi anayeita ni mwanamke, na majina anayoyaita mengi ni ya wanawake. Daftari lenyewe ni la kawaida, la dukani, lakini uzito wake ni mkubwa, kwa sababu padre atakapoombwa kumbatiza mtoto, kufungisha ndoa au kuongoza misa ya mazishi, swali la kwanza litakuwa iwapo mhusika anasali jumuiya, na jibu litatoka humo.

Nimeanza na daftari hilo kwa sababu linakusanya mahali pamoja mambo mawili ambayo huchanganywa kila tunapozungumza juu ya wanawake na kanisa. La kwanza ni kutunzana: kujua nani yuko hospitali, nani hana chakula, na nani aende kwake kesho. La pili ni masharti: kuamua nani ni muumini kamili, nani amesimamishwa, na nani anaweza kusogea mezani pa Bwana. Wanaosimulia la kwanza peke yake huliona kanisa kama mama, na wanaosimulia la pili peke yake huliona kama mlango uliofungwa, na wote wanasema kweli. Kinachohitaji kufafanuliwa ni namna mambo hayo yanavyoishi chini ya paa moja, hata mwanamke yuleyule akashikwa mkono na kanisa lake mwezi huu na kuachwa nalo mwezi ujao. Naamini chanzo ni hiki: mwanamke hufanywa kuwa wa kanisa, kwa sehemu kubwa, na kazi ya wanawake wenzake, ilhali masharti ya kuhesabiwa hivyo yameandikwa na kusimamiwa katika vikao ambamo wanawake hawakuwamo, au walikuwamo wachache mno.

Kiswahili kina neno linalotusaidia kuelewa kwa nini jambo hili ni zito, nalo ni "kwao". Mtu kwao, walisema wahenga. Katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, mwanamume ana kwao kumoja tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Mwanamke aliyeolewa ana kwao alikozaliwa, ambako amekwisha kuagwa, na ana kwa mumewe, ambako hata miaka ishirini ya kulima na kuzaa huenda isitoshe kumwondolea jina la mtu wa kuja. Mume akifa, pande zote mbili zinaweza kumkana kwa wakati mmoja. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalohusu makabila mengi ya Tanzania Bara, halimpi mjane fungu la urithi ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wawili waliopoteza makazi yao kwa sababu ya sheria za aina hiyo. Kwa mwanamke aliye katika hali kama hiyo, kanisa huwa ndilo kwao kwa tatu, mahali ambapo jina lake halikuandikwa kwa sababu ya baba yake wala kwa sababu ya mumewe, kwa kuwa alibatizwa yeye mwenyewe.

Na jambo hili si geni katika pwani yetu. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilipata shamba Mbweni, Unguja, mwaka 1871, na hapo ikawaweka watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria iliyokuwa hapo iliongozwa na Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 na kuiongoza kwa takriban robo karne. Wasichana na wanawake hao walikuwa wamepoteza kila kitu ambacho humfanya mtu awe na kwao: lugha ya nyumbani, ukoo wa kuwatetea, wajomba wa kupokea mahari, watu wa kuwazika. Misheni iliwapa makazi, elimu, ndoa na makaburi, na baadhi ya wasichana wakawa walimu. Lakini misheni hiyohiyo ndiyo iliyosimamia nani amwoe nani na nani aadhibiwe kwa mwenendo wake. Ulezi na usimamizi vilikuja kwa mkono mmoja, na mkono huo hatujauachanisha hadi leo.

Wimbi lililofuata lilitoka ndani ya waumini wenyewe. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikuwa na desturi moja iliyowabadilisha wanawake wengi: kusimama mbele ya ushirika na kushuhudia. Mke wa mkulima, ambaye katika baraza la ukoo asingesema neno mbele ya wakwe zake, alisimama akataja dhambi zake, akasimulia alivyookoka, na wanaume wakamsikiliza hadi mwisho, kisha wakaimba. Ushirika huo ulijiita wa ndugu, na neno hilo lilitendewa kazi: ndugu walikaa kwenye posa, walikwenda kuzika, walipokea wasafiri wasiowajua. Sitaki kuupamba Uamsho kupita kiasi, kwa maana uongozi wake wa wazi ulibaki mikononi mwa wanaume na sheria zake za mwenendo zilikuwa kali. Hata hivyo, ulithibitisha jambo ambalo makanisa yalichukua muda mrefu kulikubali rasmi, kwamba sauti ya mwanamke inaweza kubeba neno la Mungu mbele ya watu wazima wa jinsia zote.

Muundo tunaoufahamu sasa, wa vyama vya wanawake wenye sare na viongozi wao, una mizizi mbalimbali. Umoja wa Mama wa Kianglikana ulianzishwa na Mary Sumner huko Old Alresford, Uingereza, mwaka 1876, ukaja na wamisionari, na leo walio wengi kati ya mamilioni ya wanachama wake wako Afrika. Wapresbiteri wa Kenya wana Woman's Guild yao, Waadventista wana Dorkasi, na Wanawake Wakatoliki Tanzania, yaani WAWATA, walianza mwaka 1972. Karibu na wakati huohuo maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walianza kulijadili wazo la jumuiya ndogo ndogo, mwaka 1973, na mwaka 1976 wakalifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji. Jumuiya zilikusudiwa kwa waumini wote. Zilizoendelea kuwa hai ni zile ambazo wanawake walizishika.

Inafaa kueleza kwa undani kidogo kile ambacho wanawake hao hufanya, kwa kuwa neno "huduma" limetumika mno hata limepoteza sura. Mwanachama akijifungua, wenzake huenda na uji, sabuni, kuni au mkaa, na mmoja hubaki kufua. Akilazwa, hupangana zamu, kwa sababu katika hospitali zetu nyingi chakula na usafi wa mgonjwa ni kazi ya jamaa, na asiye na jamaa hushinda njaa. Akifiwa, huingia jikoni kwake kabla hajaanza kufikiri watu watakula nini. Huleta masufuria makubwa, huchambua mchele, hulala matanga. Akifa yeye, wao ndio humwosha na kumvisha. Wengi wana kikoba ndani ya umoja wao, ambamo kila wiki hununua hisa, na pembeni kuna mfuko wa jamii, fedha ndogo zinazotengwa kwa ugonjwa na msiba, ambazo hutolewa bila riba na bila maswali mengi. Yote haya yana utaratibu, kumbukumbu, wasimamizi na adabu zake. Kuyaita moyo wa kimama, kana kwamba hutokea yenyewe kama mvua, ni kutoona akili na nidhamu iliyomo ndani yake.

Kosa hilo la kutoona ndilo fundo la kwanza. Hesabu za usharika au parokia husomwa mbele ya waumini: sadaka, zaka, mavuno, ujenzi. Hakuna mstari wa usiku uliokeshwa wodini. Kwa kuwa kazi hiyo haihesabiwi kama kazi ya kanisa, anayeifanya hahesabiwi kama kiongozi wa kanisa, hata kama ndiye anayejua, kuliko mchungaji, ni nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina mtoto asiyekwenda shule.

Ukimwi ulilidhihirisha jambo hili kwa namna ya kuumiza. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata mahubiri mengi yalizungumzia ugonjwa huo kama mshahara wa dhambi. Wakati mahubiri hayo yakitolewa, wanawake wa makanisa hayohayo walikuwa wakiwaosha wagonjwa, wakiwalisha kwa kijiko na kuwachukua yatima. Katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam, huduma ya PASADA ilianza mwaka 1992 kutokana na kikundi kidogo cha watu waliokuwa wakiishi na virusi vyenyewe, ikakua kuwa mtandao wa tiba na wahudumu wa kujitolea wanaowafuata wagonjwa majumbani. Wanateolojia wanawake wa Afrika walikuwa wamekwisha kujikusanya mwaka 1989 huko Legon, Accra, kwa uongozi wa Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, na baadaye Musimbi Kanyoro wa Kenya akawa mmoja wa waratibu wao. Mwaka 2002 walikutana Addis Ababa na kuufanya Ukimwi kuwa mada yao kuu. Walichosisitiza, kwa ufupi, ni kwamba anayemwosha mgonjwa anajua jambo juu ya Mungu ambalo anayehubiri bila kumgusa mgonjwa huenda asilijue, na kwamba ujuzi huo ni teolojia na unastahili kuandikwa.

Sasa tugeukie masharti, ambako fundo la pili limekazwa. Ni ya kale sana. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza manung'uniko kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na suluhisho likawa kuchagua wanaume saba wa kusimamia meza. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unaagiza kwamba mjane asiandikwe katika orodha isipokuwa umri wake umefika miaka sitini, na awe alikuwa mke wa mume mmoja. Orodha ipo, wanawake ni wahitaji na wakati huohuo ni wahudumu, na kigezo cha kuandikwa ni ndoa. Ukiyasoma maneno hayo baada ya kuketi katika kikao cha usharika wa leo, unajiona hujasafiri mbali.

Ndoa ndiyo lango ambalo wanawake wengi hupitia ili kuhesabiwa kikamilifu, na hapo ndipo wengi hukwama. Umoja wa Mama ulikuwa na sharti lililowazuia waliotalikiwa, ambalo halikulegezwa hadi miaka ya 1970. Katika Afrika Mashariki sharti gumu zaidi lilikuwa ndoa ya kanisani yenyewe, ile iliyojulikana Uganda kama ndoa ya pete. Mwanamke anaweza kuishi na mume wake miaka kumi na mitano na kumzalia watoto wanne bila kufunga ndoa kanisani, kwa sababu mahari haijakamilika, kwa sababu mume ni wa dini nyingine, kwa sababu ana mke wa kwanza, au kwa sababu tu gharama ya sherehe imewatisha. Sisi huiita hali hiyo uchumba sugu, na katika jina hilo aibu humwangukia mwanamke, ingawa mara nyingi si yeye anayeshikilia ufunguo. Hapokei komunyo. Katika vyama vingi hawezi kuvishwa sare wala kuapishwa. Lakini sufuria zake huchukuliwa siku ya msiba, mchango wake hupokelewa, na watoto wake huimba kwaya.

Lugha yenyewe inatufichulia walioachwa nje. Mahali pengi kundi la wanawake huitwa "akina mama", na mwanachama huitwa kwa jina la mtoto wake, mama Neema, mama Baraka. Mwanamke wa miaka arobaini asiyeolewa na asiye na mtoto hana pa kukaa katika mpangilio huo: kwa vijana amezidi, kwa akina mama hajafika. Huyo mara nyingi ndiye anayefundisha watoto shule ya Jumapili au anayepamba madhabahu, na nionavyo mimi, upweke wake kanisani ni miongoni mwa mambo tunayoyazungumza kwa uchache kuliko yanavyostahili.

Kuhusu mimba kabla ya ndoa sitasema mengi, kwa maana kila aliyelelewa katika makanisa yetu ameyaona. Katika sharika nyingi za Kilutheri na nyinginezo, binti aliyepata mimba alitengwa, na baada ya muda alirudishwa kundini kwa kuungama mbele ya usharika. Mimba inaonekana na ubaba hauonekani, hivyo adhabu iliyokusudiwa kuwa ya wawili ikawa ya mmoja. Sehemu mbalimbali zimelegeza utaratibu huo. Mahali ulipobaki, bado humwangukia yule ambaye mwili wake ndio ushahidi.

Jambo linalohitaji ufafanuzi mkubwa zaidi, kwa kuwa maisha ya watu yamo ndani yake, ni mgogoro wa ndoa wenye kipigo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika umri wa miaka 15. Makanisa yetu yamejaa wanawake hao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Sheria hiyohiyo inataka mgogoro upelekwe kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa kabla mahakama haijapokea ombi la talaka, isipokuwa katika hali maalumu, na jumuiya za kidini zinaweza kuwa na mabaraza yanayotambuliwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mwanamke aliyepigwa anaweza kujikuta mbele ya wazee wa kanisa lake kwa sababu mbili pamoja: ndiko imani yake ilikompeleka, na ndiko sheria inakomwelekeza.

Anachoambiwa huko hutofautiana mno. Wako wachungaji waliompeleka mwanamke polisi na hospitali wao wenyewe, wakamtafutia pa kulala. Lakini neno ambalo wanawake wengi hulisimulia ni vumilia: ndoa ni msalaba, piga magoti, mwombee mumeo. Na hapa pana uchanganyaji wa mafundisho ambao ni lazima utenganishwe. Wakatoliki wengi wanaamini kwamba, kwa kuwa ndoa haivunjwi, mke hana ruhusa ya kuondoka nyumbani. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hazisemi hivyo. Kanuni ya 1153 inaeleza kwamba mwenzi anayeiweka roho au mwili wa mwenzake au wa watoto katika hatari kubwa, au anayefanya maisha ya pamoja kuwa magumu kupita kiasi, anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka, kwa uamuzi wa askofu, na hata kwa uamuzi wa mhusika mwenyewe ikiwa kuchelewa kuna hatari. Aliyeondoka kwa namna hiyo hajaivunja ndoa wala hajatenda dhambi kwa kuondoka, na kama hajaingia katika ndoa nyingine, kuishi mbali na mumewe hakumzuii kupokea komunyo. Hata talaka ya mahakama, Katekisimu inakiri kwamba inaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki, malezi ya watoto au mali. Jambo la tatu, ambalo ni tofauti na hayo mawili, ni kutangazwa kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha mashauri hayo kwa kuondoa ulazima wa kila hukumu kuthibitishwa na mahakama ya pili.

Kutengana, talaka na ubatili wa ndoa ni vitu vitatu. Katika mazungumzo ya jumuiya huwa kitu kimoja kinachoitwa "kuacha ndoa", na mwanamke aliyekimbia panga hujikuta amewekwa kapu moja na aliyeondoka kumfuata mwanamume mwingine. Katika makanisa ya Kiprotestanti kwa kawaida shauri huwa mbele ya mchungaji na baraza la wazee, hivyo matokeo hutegemea sana nani wameketi hapo. Nimesikia wanawake wakisema kwamba tofauti kati ya usharika uliowaokoa na usharika uliowarudisha kwa mpigaji ilikuwa kuwapo kwa wazee wa kanisa wawili wanawake ndani ya chumba kile. Kauli hiyo haina hesabu nyuma yake, lakini naiamini, kwa sababu mtu aliyewahi kumkanda mwenzake majeraha jikoni huuliza maswali tofauti.

Ndiyo maana suala la nani aketi kwenye kikao, na nani asimame madhabahuni, haliwezi kutengwa na suala la kutunzana. Nyambura Njoroge akawa mchungaji mwanamke wa kwanza wa PCEA, Kanisa la Kipresbiteri nchini Kenya, mwaka 1982. Desemba 1983 Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mwana wa Uamsho ule wa ushuhuda, aliwapa ukasisi wanawake watatu nchini Uganda. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliruhusu wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji kwa uamuzi wa mwaka 1990, na dayosisi hazikuutekeleza kwa mwendo mmoja. Kanisa la Kianglikana la Kenya lilimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo Januari 2021, na Rose Okeno kuwa askofu wa Butere miezi michache baadaye. Waadventista, katika mkutano wao mkuu wa San Antonio mwaka 2015, walikataa kwa kura 1,381 dhidi ya 977 kuziachia kanda zao zijiamulie jambo hili. Kanisa Katoliki limesema kwa msimamo kwamba haliwezi kuwapa wanawake upadre, lakini mwaka 2021 liliwafungulia rasmi huduma za usomaji na utumishi wa altare, na katika Sinodi ya Oktoba 2023 wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza.

Maendeleo hayo ni ya kweli, na bado yanagongana na mazoea yaliyomo hata katika maneno. Kwa miaka mingi "mama mchungaji" alikuwa mke wa mchungaji, mwanamke aliyetarajiwa kuongoza umoja, kupokea wageni na kufariji wafiwa bila mshahara. Alipokuja mwanamke ambaye ni mchungaji yeye mwenyewe, akaitwa jina hilohilo, na waumini wakaendelea kumtarajia afanye kazi zote mbili, ahubiri na apike. Hata tafsiri zetu za Biblia zimeshiriki. Katika Warumi 16:1, Paulo anamtaja Fibi kwa neno la Kigiriki ambalo katika Wafilipi 1:1 limetafsiriwa "mashemasi", lakini katika Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, Fibi ni "mhudumu" wa kanisa la Kenkrea. Tafsiri si ya uongo, maana neno lenyewe hubeba maana zote mbili. Ila wanawake wengi wa Kiswahili wamesikia katika mstari huo picha ya mtu wa kuandaa meza, na hawakuambiwa kwamba kwa neno hilohilo wenzao wanaume walipata cheo.

Nirudi kwenye daftari, na kwenye mazishi, kwa sababu ndipo mambo yote haya hukutana. Mwanamke aliyeishi katika uchumba sugu, ambaye mahudhurio yake yalikatika miaka miwili kabla ya kufa, analetwa na ndugu zake, na mwenyekiti wa jumuiya anaulizwa. Kinachofuata hutegemea parokia na parokia. Kanuni ya 1184, inayotaja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, haitaji kutohudhuria jumuiya. Inawataja walioiasi imani waziwazi na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangewakwaza waumini, tena isipokuwa wawe wameonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Sasa, nani anajua kama ilikuwapo dalili ya toba? Padre hakuwapo wodini. Mwenyekiti hakuwapo. Waliokuwapo ni wale wanawake wa zamu, waliomshika mkono usiku alipoomba asomewe zaburi, waliosikia alipomtaja Bikira Maria, waliomwona akifanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye dripu. Wakiitwa na kuulizwa, wanaweza kusema. Wasipoitwa, watakwenda kumwosha vilevile, watamvisha gauni jeupe, na siku ya kuzika watakuja bila sare, wamejifunga kanga za nyumbani, na wataanzisha nyimbo wenyewe pembeni mwa kaburi.